Semeni Mlichofanya: Hotuba kwa Vijana wa Lamu Wanaojiandaa na Mahojiano ya Shule za Biashara

Hotuba hii niliitoa katika Ngome ya Lamu mbele ya vijana waliomaliza chuo, wazazi wao na walimu. Waliokuwa baharini, waliokuwa kazini na walioko Mombasa wameiomba, nami naiweka yote kama nilivyoisema.

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Wazee wangu, mama zangu, walimu wetu, na nyinyi vijana mliokuja na daftari mikononi, ahsanteni kwa kuja.

Nimeombwa niseme juu ya mahojiano ya kuingia shule za biashara, yaani zile za vyuo vikuu zinazotoa shahada ya uzamili ya biashara, na nitasema hayo tu. Mtihani wa GMAT, ule wa kuombea nafasi katika shule hizo, nauacha. Insha za maombi naziacha. Insha unaweza kuiandika, ukaifuta, ukaiandika tena hadi alfajiri. Mahojiano hayafutiki. Ni nusu saa, pengine saa nzima, wewe na mtu usiyemjua, na neno likishatoka limetoka.

Baadhi yenu mnajua kwamba shule niliyosoma huwatumia wahitimu wake kuwahoji waombaji wa upande huu wa Afrika. Kwa hivyo nimekaa kwenye kiti cha anayeuliza. Nimewasikiliza wahasibu wa Nairobi, wahandisi wa Kampala, watu wa benki wa Dar es Salaam. Na nimewasikiliza watu wa pwani. Nawaambia ukweli, na nauambia kwa mapenzi: watu wa pwani huja na kazi nzuri, na huondoka bila ya kuisema.

Kwa nini? Ni uvivu? La. Ni ujinga? La hasha. Ni malezi. Tumelelewa kwamba mtu hajitaji. Ukifanya jema, walitaje wengine. Ukiulizwa mbele ya wakubwa, jibu kwa ufupi, inamisha macho, mwachie mzee aseme. Malezi hayo ni mema, na mimi mwenyewe nimelelewa hivyo, na wanangu nawalea hivyo. Lakini ndani ya chumba cha mahojiano hakuna mzee wa kukusemea. Hakuna jirani. Hakuna mwalimu. Uko wewe.

Mzee mmoja aliniuliza pale Mkunguni, nje ya ngome hii, "Kwani binti yangu, kizuri hakijiuzi?" Nikamwambia: kizuri chajiuza, mzee wangu, kikiwa sokoni na watu wakikiona. Anayemhoji mjukuu wako hajafika Amu, Lamu yetu hii. Hajaiona boti yenu, hajaliona duka lenu, hajui nani aliamka usiku kuhesabu. Asipoambiwa, atajuaje?

Basi jambo langu la kwanza, ndilo kubwa kuliko yote, na nitalikalia: kazi yako ya hapa nyumbani ni biashara. Ina hesabu, na hesabu hiyo isemwe.

Kuna kijana wa kisiwa cha Pate aliyenijia nimfanyie mahojiano ya mazoezi. Amenipa ruhusa niwasimulie bila ya kumtaja. Nikamwuliza swali la kwanza, lile ambalo kila mhoji huanza nalo: niambie juu yako na kazi yako. Akanijibu, "Nilimaliza chuo Mombasa, sasa namsaidia baba na mambo ya samaki." Akanyamaza. Nikasubiri. Hakuongeza.

Vijana, mngekuwa nyinyi ndio wahoji, mngeandika nini? Mngeandika: msaidizi wa baba. Mkafunga faili.

Nikaanza kumvuta. Barafu hununuliwa na nani? "Mimi." Bei na tajiri wa Mombasa hupangwa na nani? "Mimi, tangu mwaka juzi." Kabla hujaanza wewe, samaki waliharibika kiasi gani? Hapo akafungua mkoba, akatoa daftari la shule, kurasa zimejikunja kwa maji ya chumvi, lanuka shombo. Ndani mna mistari aliyoichora kwa rula: tarehe, jina la mvuvi, kilo zilizopokewa, kilo zilizokubaliwa na mnunuzi. Akanionyesha kwa kidole. Zamani, katika kila kilo 10, kilo mbili au tatu zilikataliwa. Sasa haifiki nusu kilo.

Ulifanya nini, mwanangu? "Niliona barafu yafika imeshayeyuka, kwa sababu ilikuja na boti ya abiria ya mchana. Nikazungumza na nahodha mwingine aibebe alfajiri. Kisha nikawaambia wavuvi: atakayemtoa samaki matumbo na kumtia barafu hukohuko baharini, kilo yake naongeza shilingi 20." Na wale wazee wavuvi walikubali? "Mwanzo walikataa. Nikaanza na boti moja ya ami yangu. Wengine walipoona malipo yake wakaja wenyewe."

Jamani! Mnasikia alichokisema kijana huyu? Ameeleza mnyororo wa ugavi. Ameeleza udhibiti wa ubora. Ameeleza namna ya kumfanya mtu abadilishe mazoea bila ya kumlazimisha, na jinsi ya kulijaribu jambo mahali padogo kabla ya kulieneza. Yapo masomo mazima ya shahada ya uzamili juu ya mambo hayo. Na yeye alikuwa amejiita msaidizi wa baba.

Tukalipanga upya jibu lake kwa mpangilio ambao watayarishaji wa mahojiano huuita STAR: hali ilikuwaje, jukumu lako lilikuwa lipi, ulitenda nini, matokeo yalikuwa nini. Hali, sentensi mbili. Jukumu, sentensi moja. Kitendo, hapo kaa, hapo eleza, hapo ndipo mhoji anapokutafuta wewe. Matokeo, kwa tarakimu. Watu wengi hugeuza: humaliza dakika mbili wakieleza hali, historia ya kisiwa, tabia ya upepo wa kusi, na kitendo kikapata sekunde 10. Usifanye hivyo. Kusi ataielewa kwa sentensi moja.

Najua kuna mzazi hapa anayejiuliza: je, huku si kumfunza mwanangu kujisifu? Hapana, mama yangu. Kujisifu ni kudai usichofanya, au kuficha mkono wa mwenzako. Kijana yule alimtaja ami yake. Alimtaja nahodha. Alisema ni wavuvi waliobeba kazi ngumu. Kisha akasema sehemu yake, bila ya kuongeza na bila ya kupunguza. Kuipunguza nako ni kusema uongo, kwa sababu mhoji ataondoka akiamini jambo lisilo kweli juu yako.

Kwa hivyo leo usiku, kabla ya kulala, chukua karatasi. Wewe unayeshika hesabu za nyumba ya wageni Shela, andika. Wewe unayesimamia mafundi wa milango, andika. Wewe mweka hazina wa chama cha kina mama, andika. Watu wangapi, pesa kiasi gani, muda gani, kilibadilika nini. Kama hukuwahi kuhesabu, anza kesho, kwa sababu mahojiano yako huenda yako miezi mingi mbele na hesabu ya miezi sita ni kitu cha kusimama nacho.

Jambo la pili. Mjue mji wenu kama mtu wa biashara anavyoujua.

Mhoji akisoma kwamba watoka Lamu, atauliza. Ni jambo la heshima, anataka kukujua. Huenda amesikia habari za bandari mpya. Bandari ile, gati lake la kwanza lilifunguliwa Mei 2021, sote twaijua. Nilimwuliza dada mmoja, mwenye shahada nzuri ya uchumi: bandari imebadilisha nini Lamu? Akaniambia, "Imetuletea shida wavuvi." Nikamwuliza shida gani, kwa nani, kiasi gani? Hakuwa na la kuongeza. Na ndugu yake ni mvuvi!

Angeweza kusema hivi: mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Malindi iliamuru wavuvi wapatao 4,600 wa Lamu walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76 kwa sababu ya athari za mradi ule. Kisha aseme maoni yake: kwamba mradi mkubwa una gharama isiyoonekana kwenye makadirio ya mjenzi, na kwamba anayetaka kuendesha biashara hapa lazima ajue nani atalipa gharama hiyo kabla haijafika mahakamani. Hilo ni jibu la mtu anayetakiwa darasani. Limetoka wapi? Limetoka baraza za hapahapa. Mnalizungumza kila siku mkinywa kahawa. Mbona mkifika kwa mhoji mnalisahau?

Na mkishaujua mji, swali la "kwa nini" linakuwa jepesi. Kwa nini shahada hii? Kwa nini sasa? Kwa nini shule hii na si nyingine? Maswali hayo matatu hayakosekani, iwe umeomba Strathmore pale Nairobi, iwe Cape Town, iwe London. Jibu la "nataka kupanua upeo wangu" halina uzito, lasemwa na kila mtu. Sema unataka kujenga nini, sema ni kipi usichokijua leo kinachokuzuia, sema ni somo gani na la nani pale shuleni litakalokupa. Sipitii zaidi hapo. Nyote mnaweza kusoma orodha ya masomo ya shule.

Jambo la tatu, vijana: msikariri.

Twakariri vizuri sisi. Tumefunzwa Qurani chuoni tangu wadogo, na hifadhi zetu ni kali. Lakini nilimhoji mtu aliyekuwa amehifadhi majibu yake yote kwa Kiingereza, neno kwa neno. Nilipomkatiza katikati kumwuliza, "Huyo mwenzako alipokataa ulimwambia nini?", alinyamaza, akarudi mwanzo wa jibu, akalisoma upya. Nikamkatiza tena. Akarudi tena. Niliumia kwa ajili yake, kwa sababu kwenye faili lake alikuwa mtu hodari.

Nahodha anayepita Mkanda, ule mlango mwembamba wa bahari kati ya Manda na bara, usiku hakariri safari. Ajua maji yajaa saa ngapi, ajua fungu liko wapi na mikoko inabana wapi, mengine huyaamua akiwa njiani. Nanyi jueni visa vyenu hivyo. Chagueni visa vitano au sita vya kweli: ulipoongoza, uliposhindwa, ulipogombana na mwenzako kazini, ulipobadilisha mawazo ya mtu, ulipofanya jambo bila ya kuagizwa. Vijue ndani na nje. Swali lolote litakalokuja, kimojawapo kitalijibu. Visimulieni kwanza kwa Kiswahili, mpaka mtu wa nyumbani avielewe bila ya kuuliza. Kisha kwa Kiingereza. Mkianza na Kiingereza mtashughulika na sarufi, na kisa kitawapotea. Na lafudhi yenu ya pwani msiionee haya. Semeni taratibu, basi.

Tena, shule hazihoji namna moja, na ni lazima ujue yako inafanyaje. Harvard, mhoji ni mtu wa ofisi ya udahili, amesoma faili lako zima, na ana dakika 30 tu. Hapo usimrudie yaliyo kwenye insha, nenda ndani zaidi. Kwa miaka mingi pia waliwataka waliohojiwa waandike tafakari fupi ndani ya saa 24; ulizia kama bado wanaitaka, na ukimaliza tu, shika kalamu uandike mliyozungumza kabla hujamwambia mtu yeyote. Stanford, mhoji ana wasifu wako peke yake, insha hajaziona. Hapo kisa chako kizuri kisimulie tena, ni kipya kwake. INSEAD ya Ufaransa hutumia wahitimu, na kwa kawaida watakuhoji wawili, kila mmoja siku yake. Wengine, kama Kellogg ya Marekani, hukutaka pia ujibu maswali mbele ya kamera, hakuna mtu upande wa pili, na muda unahesabika kwenye kioo.

Na Wharton, shule nyingine ya Marekani, tangu mwaka 2012 wana majadiliano ya kikundi. Haya yanawatisha watu wetu, nami naamini yangetufaa kuliko wote. Waombaji watano au sita hupewa mada mapema. Kila mmoja hufika na pendekezo lake la dakika moja. Kisha wote, kwa muda wa dakika 35, lazima wakubaliane juu ya pendekezo moja. Watu wa shule hukaa pembeni wakitazama. Baadaye kila mmoja huzungumza na mhoji peke yake kwa kama dakika 10.

Binti mmoja wa Mkomani alikuwa akijiandaa na majadiliano ya aina hiyo. Tukamkutanisha mtandaoni na wenzake wa Nairobi kwa mazoezi. Wavulana wawili walisema mfululizo. Yeye alisema pendekezo lake, halafu kimya mpaka mwisho. Nikamwuliza, mbona? "Sikutaka kumkatiza mtu." Nikamwuliza tena: babu yako akisuluhisha ugomvi wa kiwanja pale barazani, hukatiza watu? "Hapana." Hunyamaza mpaka mwisho? "Hapana." Basi hufanyaje? Akafikiri. "Husubiri mtu avute pumzi. Kisha husema, fulani amesema hivi, fulani amesema hivi, tumekubaliana hapa, bado pale. Halafu humwuliza yule ambaye hajasema."

Zoezi lililofuata alifanya hivyohivyo. Dakika ya 20 alisema: "Tuna mapendekezo matatu, mawili yanafanana. Nashauri tuyaunganishe. Lakini kwanza, dada, wewe hatujakusikia." Kikundi kizima kikageuka, kikamfuata. Hakupaza sauti. Hakumvunjia mtu heshima. Wanaotazama pembeni wanamtafuta mtu wa namna hiyo: anayesikiliza na anayeusogeza mjadala ufike. Jamani, kuna mji gani unaojua baraza kuliko huu wetu?

Sasa swali linalowakwaza wengi. "Tueleze uliposhindwa." Wengi hujibu, "Mimi tatizo langu nafanya kazi kupita kiasi." Nawaomba, nawaomba sana, msilijibu hivyo. Mhoji amelisikia mpaka amechoka, na anajua unakimbia. Wengine huwatupia lawama wenzao, na hilo ni baya zaidi.

Kuna mama kijana, mweka hazina wa chama hapa mjini. Alimkopesha mwanachama pesa ya chama kwa maneno tu, bila ya saini, kwa sababu walikuwa majirani na mwenzake ana mgonjwa. Mkopo haukurudi kwa wakati. Zamu ya mwingine ikakosa pesa. Alipoulizwa swali la kushindwa alisema hayo yote, kwa sauti tulivu. Akasema: nilichanganya huruma yangu na pesa ya watu. Akasema alivyosimama mbele ya wanachama kuwaambia, alivyolijaza pengo kwa zamu yake mwenyewe, na jinsi walivyoandika kanuni: mfuko mdogo wa dharura uwe mbali, na kila mkopo uwe na saini tatu. Kanuni hiyo bado yatumika. Mhoji wake, aliniambia, aliweka kalamu chini na kumwuliza juu ya ule mfuko wa dharura kwa muda mrefu. Shule haitafuti mtu asiyekosea. Inatafuta atakayekiri mapema na kurekebisha.

Yaliyobaki ni ya siku yenyewe, nayapitia haraka lakini msiyadharau.

Saa. Barua ikisema 9:00 asubuhi kwa saa za Boston, mwezi wa Januari kwetu ni saa 11 jioni. Oktoba, ni saa 10 alasiri, kwa sababu Marekani husogeza saa zao na sisi hatusogezi. Hesabu mara mbili, kisha mpe mwenzako ahesabu.

Mahali. Usifanyie nyumbani kama watoto ni wengi. Tafuta chumba chenye mlango unaofungwa na umeme wa akiba, jaza simu data uiweke kando kompyuta ikikwama, jaribu mtandao siku iliyotangulia saa ileile. Adhana ikisikika, subiri, mwambie mhoji kwa upole kwamba ni mwito wa sala na utaendelea baada ya dakika mbili tatu. Atakuelewa. Punda akilia dirishani, endelea tu.

Dada zangu mmeniuliza kwa siri, na jibu nalitoa hadharani: hakuna haja ya kuvua hijabu, na hakuna haja ya kupeana mkono. Weka mkono kifuani, tabasamu, sema jina lako. Kuhusu macho, kwenye kamera tazama lenzi unapojibu. Mkiwa ana kwa ana, mtazame mtu kwa kadiri ya staha yako. Ukiwa na la kusema, macho hayatakuangusha.

Karo na mikopo, na wengi wenu mna wasiwasi wa riba, msiyaulize kwenye mahojiano. Iandikieni ofisi ya ufadhili mapema, kwa barua, mjue skolashipu zipi zipo na mwisho wa maombi ni lini. Kwenye mahojiano, mhoji akisema "una swali?", uwe nalo. Kama ni mhitimu, mwulize ni nani alimsaidia alipokwama mwaka wa kwanza, au shule ilimfikisha vipi kwenye kazi aliyo nayo. Usimwulize kilichoandikwa kwenye tovuti.

Ndugu zangu, mazoezi yaanza Jumamosi hii baada ya Alasiri, hapahapa Ngomeni. Mje wawili wawili: mmoja ahoji, mwingine ajibu, kisha mbadilishane. Leteni wasifu uliochapishwa, nakala mbili, na ile karatasi ya hesabu mtakayoiandika leo usiku. Mzazi anayetaka kumsikiliza mwanawe akieleza kazi yake naye aje, viti vipo. Sasa nipo tayari kwa maswali yenu, tuanze na kina dada wa nyuma kule.

Wassalamu alaykum.